Nondo za Ghorofa ya Juu

Nondo nne zilichomoza juu ya paa la Zoila, kila moja imevishwa chupa ya soda ncha yake isishike kutu. Hapo ndipo ingepanda ghorofa ya mwanawe, aliyeondoka kwenda Marekani kwa miguu, kupitia msitu wa Darién, ambao wahamiaji wengi huingia wasitoke. Mwaka wa tisa huu, hajapiga simu.

Mkaguzi wa jiji, aliyekulia mtaa huo huo, alishusha kipimo chake. "Mama Zoila, ndege za njia mpya ya uwanja zitapita chini chini hapa hapa. Nondo zimezidi kimo, itabidi zikatwe."

"Uwanja wa jiji, ndege za jiji, na paa langu nalo la jiji?"

"Unaweza kupinga. Nikiandika yupo atakayejenga, halmashauri haitagusa kitu mpaka imsikilize. Anarudi lini?"

Mtaa mzima ulikuwa ukimwuliza hivyo, naye kila mwaka akijibu, "Krismasi hii."

Zoila alivua chupa ya kwanza. Ncha ya chuma iling'aa kama siku ilipotoka dukani. Akaipangusa kwa aproni, akavua ya pili, ya tatu, ya nne, akazikumbatia chupa zote.

"Mama," mkaguzi alinong'ona, "niandike Krismasi?"

"Kata, mwanangu. Kata zote."