Nyumba ya Kuku Mwenye Mwavuli

Mtoto alikataa kulibeba boksi.

Njia nzima alitangulia mbele, mikono nyuma, kama mtu asiyejuana na mama yake. Basi mama ndiye aliyeingia nalo chekechea, kalifunika kwa mtandio, na alipofika kwenye meza ya maonyesho akalisukuma pembeni kabisa, nyuma ya ndoo ya kunawia.

Haikusaidia kitu. Mwenye saluni, mzazi mwenzake, ana macho ya kupekua.

"Hebu tuone, shoga. Ndilo lenu hilo?"

"Ndilo letu."

Mtandio ukatoka. Lilikuwa boksi la viatu, na hapo hapakuwa na ajabu, maana mama huyu huuza viatu sokoni. Mtaji wake ni mdomo. Anaweza kukuuzia kiatu kinachokubana ukaondoka unamshukuru, lakini sindano na mkasi havijawahi kumzoea.

Boksi lilitakiwa liwe nyumba ya Kuku Mwenye Mwavuli, yule wa kitabu cha picha ambacho darasa zima limekisoma muhula huu mpaka kurasa zikalegea. Kila mtoto aliambiwa akamjengee kuku nyumba. Hii ilikuwa imelala upande. Gundi ilichuruzika ukutani kama uji, mlango ulikuwa juu karibu na paa, na kuku mwenyewe alisimama kwa mguu mmoja, kichwa kimetazama mgongoni.

"Maskini kuku," alisema mwenye saluni, akiziba mdomo kwa kiganja. "Amepata ajali?"

Wazazi wa karibu wakacheka. Hata dobi, ambaye hucheka kwa nadra, alicheka.

"Mwache tu mtoto," mwenye saluni akaendelea, sasa kwa huruma. "Si kila mtu anajaliwa mikono. Labda atakuwa mwimbaji."

Mama alilirudisha boksi nyuma ya ndoo.

"Watoto ni watoto," akasema, na uso ukamwaka moto. Binti yake, aliyekuwa amesimama hapo hapo, aliinua macho akamtazama, kisha akaenda zake kwa wenzake.

Nyumba nyingine zilikuwa za kuhamia. Ya mwenye saluni ilikuwa na mapazia ya lesi. Ya seremala ilikuwa na mlango unaofunguka na kufungwa bila kelele.

"Mwanao kaweka bawaba mwenyewe?" dobi alimuuliza.

"Alinishikia misumari."

"Na mapazia haya, shemeji?"

"Rangi alichagua yeye," alisema mwenye saluni bila kupepesa.

Kila mmoja alijua kwa nini. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba mwenye nyumba bora ndiye atakayekuwa Kuku kwenye mchezo wa kufunga shule, avae kofia ya manyoya na kushika mwavuli wa kweli. Binti wa muuza viatu hakuwa na habari nyingine. Alilala na kile kitabu kifuani. Akiombwa chumvi mezani alijibu kwa sauti ya kuku, na mama yake, ambaye muhula mzima hakuwahi kumwona mtoto akitaka kitu namna ile, alikuwa amejiapiza kwamba kofia ile itakuja nyumbani kwao.

Kabla ya kutoa matokeo, mwalimu aliwapitisha wazazi kwenye meza za watoto. Meza moja walimwagia maji miavuli miwili ya karatasi, mmoja umepakwa nta ya mshumaa, mmoja haukupakwa, wapate kuona upi utavuja. Nyingine walihesabu maharage, chakula cha kuku. Ya mwisho walifinyanga viota. Binti wa muuza viatu alizungusha udongo, akaubana ukingo kwa kidole gumba, kiota kikasimama sawasawa.

"Hiki mbona kizuri?" dobi alisema.

"Udongo husamehe," alieleza seremala. "Karatasi ndiyo ngumu."

Mama akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Kisha mwalimu alisimama mbele ya meza ya maonyesho. Ni binti mdogo tu, mpole, lakini siku hiyo hakutabasamu.

"Wazazi wangu, niliomba kazi za watoto wa miaka minne. Hapa naona kazi za mafundi. Naona bawaba. Naona lesi. Huyu mtoto mliyemnyang'anya mkasi, mnadhani amejifunza nini? Amejifunza kwamba hawezi."

Seremala alikagua kucha zake. Mwenye saluni aligundua kwamba dirisha lina vumbi.

"Mzazi mmoja tu ndiye aliyekaa pembeni akamwacha mwanawe." Akapeleka mkono nyuma ya ndoo, akalinyanyua boksi juu. Kuku akaning'inia. "Tazameni gundi hii. Tazameni mlango ulipo. Hii ndiyo mikono ya mtoto, na mwenye nayo ndiye Kuku wetu. Mama, hongera sana. Wewe umetufundisha."

Makofi yakapigwa. Mwenye saluni alimshika bega akamnong'oneza, "Nisamehe, shoga. Mimi ndiye wa kuchekwa." Mama aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa anaitazama sakafu, na masikio yalikuwa yanamwunguza.

Mwalimu alichuchumaa mbele ya binti, kofia ya manyoya mkononi.

"Njoo, mwanangu. Waambie wazazi ulivyoitengeneza nyumba yako."

Mtoto aliitazama ile kofia kwa muda mrefu, akaugusa unyoya mmoja, halafu akarudisha mikono nyuma.

"Nyumba hiyo ni ya mama," alisema. "Yangu aliitupa, alisema itatutia aibu."