Kadi ya Miaka Miwili

Merv Pethick aliisukuma kadi ya uanachama kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani yenye unywele.

"Imekwisha jana," alimwambia dada wa mapokezi. "Iacheni ife."

Mkewe, Noelene, alikuwa mlangoni akikung'uta vumbi jekundu viatuni. Aliacha kukung'uta.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye kambi ya karavani ya Port Augusta. Nje, gari lao lilikuwa bado linanguruma, likiwa limekokota kile kinyumba cha magurudumu walichokaa mwaka wa nne sasa. Wastaafu wenzao waliizunguka Australia wakifuata jua na samaki. Hawa wawili walikuwa wakimtafuta binti yao. Tamsin aliondoka nyumbani bila kuaga. Baadaye shangazi yake aliponyokwa na maneno: kwamba naye anaishi kwenye karavani, anahama mji hadi mji akifanya vibarua mashambani, na amezaa mtoto wa kiume. Merv aliuza nyumba mwezi uleule.

"Lakini uanachama una faida, mzee," alisema dada wa mapokezi, msichana mchangamfu aitwaye Shanelle. "Dola sitini tu kwa miaka miwili, na kila mnapolala kwenye kambi zetu tunawapunguzia sehemu ya kumi. Siku kumi na mbili tu, hela yenu imerudi."

"Na ili nilale kwenye kambi zenu lazima niagize mapema nafasi za wiki nzima. Nimefungwa kamba kama mbuzi." Merv aliegemea kaunta. "Mwanangu haagizi nafasi popote, dada. Hana uwezo huo. Atakuwa analala bure kando ya barabara, na wasio na kitu wenzake. Kuanzia leo na mimi nalala hukohuko. Napita kila kichaka. Nitampata."

Noelene aliingia ndani.

"Vichakani hakuna bafu, Merv."

"Utaoga mtoni."

"Mto upi? Mito ya huku huona maji mara moja kwa miaka mitatu."

Shanelle alicheka, na Merv akacheka naye. Mbele za watu alikuwa mtu wa kupendeza sana. "Unamwona mke wangu huyu? Akisikia majeneza yamepunguzwa bei, anakufa leo leo."

Kisha akaitoa picha, kama alivyoitoa kwenye kila mapokezi kutoka Darwin mpaka Albany. Tamsin, miaka kumi na tisa, anatabasamu nusu. Dole gumba la Merv lilitua palepale linapotua siku zote, juu ya mkono wa binti uliovunjika, uliofungwa plasta.

"Ukimwona, mwambie baba yake ameshamsamehe."

Macho ya Shanelle yalijaa machozi. Yalijaa kila mahali macho ya wasichana wa mapokezi. "Sijamwona, mzee. Mungu akusaidie."

Merv akageuka kuelekea mlangoni. Ndipo Noelene akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi: alimpinga mumewe mbele za watu. Alipita kando yake, akafungua pochi, akatoa pesa alizoziweka kwa ajili ya miwani mpya, akazilaza juu ya kaunta.

"Tuandikie miaka miwili," alisema.

Shingo ya Merv ilianza kuwiva, kutoka kwenye ukosi kwenda juu. Noelene aliijua rangi ile. Hakumtazama usoni, alikitazama kifungo cha shati lake.

"Ana mtoto, Merv," alisema polepole. "Mwanamke mwenye mtoto mdogo hawezi kukaa vichakani. Mtoto anataka maji ya moto, anataka mahali pa kuchezea. Atakuja kambini tu. Sisi tukiwa vichakani, tutapishana naye."

Nje, injini iliendelea kunguruma. Noelene alihesabu pumzi za mumewe.

"Haya," Merv alisema mwisho. "Leo mara moja umesema la maana."

Shanelle alibofyabofya kwenye kompyuta yake. Wangelala hapo usiku wa leo na wa kesho. Kutoka Alhamisi mpaka Jumapili, Ceduna. Wiki itakayofuata, Streaky Bay. "Ila mkibadili mawazo pesa hairudi, mama."

"Hatutabadili," Noelene alidakia upesi, hata Shanelle akainua uso.

Merv alikwenda kuliegesha karavani. Noelene alibeba kapu la nguo mpaka kibanda cha kufulia. Humo alimkuta mama mmoja kijana akikunja soksi za mtoto, ndogo kama vidole gumba, akizipanga mbili mbili. Noelene alisimama akizitazama mpaka yule mama akamuuliza kama ana wajukuu.

"Mmoja," alisema. "Ana miaka minne."

"Wanavyopendeza wakiwa na umri huo! Lazima anakusumbua sana."

"Sijapata kumbeba."

Yule mama alikusanya vitu vyake, akatoka. Noelene alichungulia dirishani: Merv alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu, mgongo kwake. Aliondoka dirishani, akazamisha mkono kwenye kopo la sabuni ya unga, akatoa simu ndogo iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliandika haraka:

"Alhamisi mpaka Jumapili tuko Ceduna, tumeshalipa. Baada ya hapo Streaky Bay. Hama leo, mwanangu, wala usiniambie unakokwenda."