Kumfundisha Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini mgeni aliizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, maana alikuwa amehangaika nusu saa nzima bila kuona pa kutokea kwenye programu.

Ofisi ilicheka, lakini kwa upole, kwa sababu kila mmoja pale aliwahi kuuchomoa waya uleule. Programu waliyotumia kuandikia kazi zao haikutaka kipanya hata kidogo. Kila kitu kilifanywa kwa kibodi. Ukiwa katika hali ya kuandika, herufi inaandika. Ukiwa katika hali ya kuamuru, herufi hiyohiyo inafuta mstari mzima, wala haikuombi radhi. Mkuu wa kitengo walimwita Paka, kwa kuwa alikusanya vipanya vyote vya ofisi akavifungia kabatini. Mgeni naye wakampa jina siku hiyohiyo: Bibi Harusi, kwa kuwa alikuwa ameolewa juzijuzi tu.

"Nakupa wiki tatu," Paka alimwambia. "Ijumaa ya tatu utafanya mtihani wa dakika kumi. Ukishindwa, mkataba hatusaini."

Kazi ile alikuwa ameitafuta mwaka mzima. Alirudi nyumbani macho mekundu, akamweleza mumewe yote, akisahau kwamba mama mkwe yuko palepale mezani anamenya vitunguu. Mama alikuwa amekuja kukaa nao mwezi mmoja. Alistaafu kutoka ofisi fulani ya serikali. Bibi Harusi hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo. Mkwe huulizwa habari za afya, basi.

"Hebu nifundishe na mimi hicho kidude," mama mkwe akasema. "Nashinda humu ndani kutwa nahesabu vigae."

Mumewe alipaliwa na chai, akatoka nje kukohoa.

Angekataaje? Mkwe haambiwi "sijui", wala haambiwi "nimechoka". Kwa hiyo kila jioni, chakula kikiwa jikoni kinachemka, wawili hao walikaa mbele ya kompyuta, mwalimu akiwa amemzidi mwanafunzi wake kwa elimu ya siku moja.

Na mwanafunzi mwenyewe, jamani, alikuwa mzito! Alipandisha miwani kwenye paji la uso, akachapa kwa kidole kimoja, akachomeka amri zake katikati ya maandishi kisha akashangaa zimefikaje pale. Kibaya zaidi, alikuwa mdadisi.

"Mwanangu, na hili jina kama limekosewa mara mia mbili, nitalirekebisha mara mia mbili?"

"Hapana, mama. Kuna njia yake."

"Njia gani?"

"Kesho, mama. Leo macho yako yamechoka."

Macho ya mama yalikuwa mazima kabisa. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, wenzake walimkuta Bibi Harusi amejiinamia juu ya kitabu cha maelekezo, ananong'ona peke yake. Jioni alifundisha kana kwamba amezaliwa anaijua njia hiyo.

Siku nyingine mama aliuliza jinsi ya kuhamisha mistari ishirini bila kuichapa upya. Siku iliyofuata, jinsi ya kuruka hadi mwisho wa faili kwa mguso mmoja. Hakuna jambo aliloliuliza mara mbili, ila Bibi Harusi hakuliona hilo. Yeye aliona tu kwamba kesho lipo swali jipya, na aibu mpya.

Jumatano ya mwisho mama alipiga kelele. "Uuwi, mwanangu! Nimefuta nusu ya kazi yako!"

Na kweli alikuwa amefuta. Kisha, kwa kihoro, akabonyeza vitufe vingine vitatu na kuihifadhi hivyohivyo. Bibi Harusi alitamani kulia. Alitamani pia kumsukuma mama wa watu na kiti chake mpaka sebuleni. Badala yake alivuta pumzi, akarudi hatua moja nyuma, mbili, saba, mpaka mistari yote ikarejea.

"Umefanyaje hapo?"

"Usiogope, mama. Ukituliza mikono, kila kitu kinarudi."

Alishangaa kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Alishangaa zaidi kwamba aliyaamini.

Ijumaa Paka aliketi karibu naye na saa mkononi. Faili lilikuwa na mistari elfu mbili. Jina lililokosewa kila mahali, Bibi Harusi alilibadili kwa amri moja. Mistari iliyokaa pasipo pake akaihamisha. Dakika ya sita Paka alinyoosha mkono, akabonyeza vitufe viwili, na nusu ya faili ikatoweka. Waliokuwa wakichungulia mlangoni walishika vichwa.

Bibi Harusi hakupepesa hata jicho. Akarudi nyuma, akahifadhi, akatoka kwenye programu kama mtu anayetoka chumbani kwake.

"Nani amekufundisha?" Paka aliuliza huku akisaini mkataba.

"Hakuna mtu. Mimi ndiye nilikuwa namfundisha mama mkwe wangu." Akacheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka. "Nampenda sana, lakini ni mzito, mkuu! Ni mzito!"

"Pole," Paka alijibu, akainamia karatasi zake.

Alipobaki peke yake alifunga mlango, akapiga simu.

"Shikamoo, mwalimu. Amefaulu. Dakika nane."

"Marahaba. Hukumpendelea?" mama mkwe akauliza.

"Nimpendelee wapi? Nimemfutia faili, kama ulivyokuwa ukinifutia mimi."

"Haya. Sasa mdomo wako uufunge," mama mkwe akasema. "Leo jioni ananifundisha kunakili mstari."