Buni, Usipa na Klarineti

Mwalimu Erasmo alitupa konzi nyingine juu ya mkeka: buni za Ukata, mlimani, zimechanganywa na usipa mkavu wa Lipingo, ziwani. Akachuchumaa kwenye mistari aliyoichora kwa chaki, akaanza kuandika kila kimoja kilipoangukia.

"Buni ni sauti," alisema. "Usipa ni kimya."

"Na kwa nini samaki wetu ndio wanyamaze?" Hilda alimuuliza.

"Bahati haina ukoo, shangazi, wala dhehebu."

Hilda akasonya. Kesho Eliza, binti wa kaka yake, anaolewa, na mpaka saa hizi hapakuwa na wimbo wa kumwingizia ukumbini. Waanglikana wa ziwani wanataka wa kwao, Wakatoliki wa mlimani wa kwao. Kila kwaya imeapa: ukipigwa wa wenzao, inapanda gari na ndugu zake wote, harusi ibaki na viti. Eliza alilia hadi macho yakavimba, ndipo akamwendea huyu mwalimu wa muziki, mgeni wa pande zote mbili, amtungie wimbo usio wa upande wowote. Basi mwalimu mwenyewe ndiye huyu anayechezea mboga.

"Kitendawili," Hilda aliwaambia wanawake jikoni.

"Tega."

"Hulia kutwa nzima, wala hakufiwa."

"Klarineti ya mwalimu." Walicheka mpaka wali ukashika chini.

Kesho yake Eliza alisimama mlangoni na bwana harusi. Mwalimu akapuliza. Klarineti ikalia kama bata aliyekanyagwa, ikanyamaza, ikapiga chafya, ikanyamaza tena. Maharusi hawakujua watangulize mguu gani.

"Huyu anatuaibisha," alinong'ona Wilfred, kiongozi wa kwaya ya Ukata, baba mdogo wa bwana harusi.

"Leo ndiyo mara ya kwanza tunakubaliana, mkwe," Hilda alimjibu.

Bata akakanyagwa tena. Hilda uvumilivu ukamwisha. Akapiga kigelegele, akaanzisha wimbo wa wanawake wa kumsindikiza mwali, ule wa kwenye vinu, usio wa kanisa lolote. Wilfred akaudaka kwa besi. Kwaya zote mbili zikaitikia kwa nguvu, ili mradi kumfunika yule mtu, na Eliza akaingia akicheza.

Hilda akamwendea mwalimu, ulimi umeshanolewa. Akamkuta anafuta midomo kwa leso, klarineti imeshafungwa kwenye mkoba wake.

"Mmechelewa, shangazi," alisema. "Nilikadiria mtanizima kabla ya mstari wa pili."