Itikieni Amin

"Laana ya Kiingereza haikukaini mdomoni," niliwaambia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Tulikuwa tukiigiza tamthilia kongwe ya Kiingereza, pale malkia anapomlaani aliyemuua mwanawe. "Mlaanini kama mnavyofanya kwenu."

"Maalim, kwetu mtu husomewa Halbadiri mpaka akavimba!" mmoja akadakia. Darasa zima likacheka.

Saadiya, aliyekuwa malkia, hakucheka. Alitoa chetezo mkobani, akakiweka juu ya meza yangu, akawasha makaa, akatia ubani, akajitanda kanga ya mama yake.

"Aliyemgonga kaka yangu njia ya Jozani akamwacha afe," alisema, "avimbe, apofuke, asipate wa kumzika. Itikieni."

"Amin!"

Hapakuwa na kicheko tena. Moshi ulinijia usoni. Gari yangu ilikuwa bado kwa fundi huko Mlandege, ikinyooshwa boneti, na chaki ilikuwa imenivunjikia kiganjani bila mimi kujua.

"Tena."

"Amin!"

Msichana wa dawati la mbele alinitazama mdomo. Kisha wa pembeni yake. Kisha wote.

"Maalim," Saadiya aliniita kwa adabu, "mbona wewe huitikii?"