Alama Nyekundu Mkiani

Saa mbili asubuhi, panya mwenye alama nyekundu mkiani alikuwa tena kwenye kizimba cha kijani. Loveness alisonya. Wiki hii hii, mara ya tatu!

Mlangoni alisimama Mzee Rajabu, mfagiaji, na ndoo yake.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alimtazama kwanza. "Marahaba, mwanangu," akajibu taratibu.

Tangu lini mtu asiye na hatia akachelewa kuitikia shikamoo? Loveness aliingiwa na shaka.

Kizimba chekundu kilikuwa cha panya wagonjwa, wale ambao kinga ya mwili imegeuka na kuushambulia mwili wenyewe, viungo, ngozi, hadi kumbukumbu. Cha kijani kilikuwa cha wazima. Kila siku aliwaogelesha kwenye beseni, aone nani anakikumbuka kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Wazima walikiendea moja kwa moja. Wagonjwa walizunguka weee, kama vile hawajawahi kufika pale. Wakichanganywa, utafiti wa miaka miwili ungeharibika, na shahada yake ingekwenda na maji.

Na funguo walikuwa nazo wawili tu, yeye na mzee.

Akaanza kumvizia. Vidole vilimuuma kwenye viungo na mashavu yalikuwa yamembabuka. Baridi ya Lushoto mwezi wa saba haimwonei mtu huruma, hata mzaliwa wa milimani Mtae kama yeye.

Saa nne asubuhi hiyo hiyo akamfuma. Mkono wa mzee ulikuwa ndani ya kizimba, umemshika panya. Alipomwona, mzee alificha karatasi mfukoni haraka.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta nini humo?"

"Marahaba. Nasafisha tu, mwanangu."

Mwongo! Ufagio wake ulikuwa nje. Loveness alipandwa na hasira, akaenda kwa Daktari Martin, mkuu wa maabara, akamwaga yote.

"Aondoke yeye au niondoke mimi," alimaliza.

Saa sita mzee aliitwa ofisini. Loveness alimwamkia, maana kwao mtu mzima hanyimwi salamu hata ukiwa umemkasirikia.

"Daktari, ana karatasi mfukoni," alisema. "Aitoe."

Mzee Rajabu aliitoa. "Daktari, naomba uisome peke yako."

"Kwa nini? Isomwe hapa hapa!"

Loveness aliinyakua na kuisoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa wa penseli, wa kujikongoja.

"Jumatatu. Loveness kabadilisha panya wawili. Nimewarudisha.

"Jumatano. Kabadilisha watatu. Nimewarudisha. Kaniuliza stoo iko wapi, na huingia humo kila siku.

"Leo saa mbili. Kamtia mwekundu kwenye kijani, mimi nimesimama mlangoni namwona. Halafu akaniamkia. Saa nne, namrudisha panya, kaniamkia tena, kama hatujaonana."