Nyanya za Mpakani

Nchi ilipojitoa kwenye jumuiya ya biashara, Kalimba alifurahi, maana sabuni za nje ziliadimika na za kiwanda chake zikagombaniwa. Yeye ndiye aliyezunguka mji na kipaza sauti, akihimiza watu wakubali kujitoa.

Asubuhi moja alimkuta dada yake, Nyambuli, kwenye kizuizi cha mpakani, akimwaga matenga ya nyanya zilizooza zikisubiri kibali kipya cha kuvuka.

"Kaka, biashara inaendaje?" dada aliuliza kwa upole.

"Inakwenda," alijibu, macho chini.

"Tumshukuru Mungu. Angalau mmoja wetu amepata."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Kalimba alivua koti, akainua tenga lililofuata, akalimwaga. Maji mekundu yakatiririka chini ya kizuizi, yakaingia upande wa pili.